Mdoli wa Stavanger na mikono inayosahau

Mara ya kwanza nilipopiga magoti mbele yake alikuwa amelazwa juu ya mkeka, katikati ya ukumbi, kavaa koti la michezo la buluu. Macho yamefumba, midomo imeachana kidogo. Tulikuwa watu ishirini na kitu kwenye semina ya huduma ya kwanza kazini, zile semina ambazo wengi wetu huwa tunakuja kwa ajili ya posho na wali wa mchana. Jamaa mmoja wa uhasibu alikataa katakata kuweka mdomo wake pale. Sista aliyekuwa anatufundisha akamwambia, "Kaka, huyu hana mume wa kuja kukugombeza. Inama, puliza." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Zamu yangu ilipofika nikapuliza, kifua kikapanda. Nikabonyeza, kitu kikalia ndani: kli, kli, kli. Jioni nikapewa cheti chenye muhuri.

Mwaka na miezi kadhaa baadaye, mzee mmoja wa mtaani kwetu alianguka kwenye banda la mpira, dakika chache kabla ya mapumziko. Unajua inavyokuwa. Mmoja anasema mpepeeni, mwingine anasema mpeni maji, wa tatu anadai ni kifafa, anusishwe kitunguu. Nikasukuma watu, nikapiga magoti. Nilikumbuka koti la buluu. Nilikumbuka kicheko. Sikukumbuka mikono inawekwa wapi. Nilibonyeza mara chache kwa woga, kama mtu anayepapasa embe kuona kama limeiva, halafu nikamwachia mtu mwenye sauti kubwa kuliko yangu aamue kwamba tumbebe. Alifariki kabla bajaji haijafika hospitali. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa nyumbani nina cheti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kwa vipande vipande, habari za jinsi binadamu walivyojifunza kuurudisha moyo uliosimama. Nilidhani nitakutana na historia ya mashine na dawa. Mashine zipo, na dawa zipo. Lakini watu niliokutana nao zaidi ni fundi wa vinyago vya watoto, mhandisi wa umeme aliyekwishazeeka, manesi wa Philadelphia, na vijana weusi wa Pittsburgh waliokuwa hawana kazi. Ninavyoiona mimi, hii ni historia ya kufundisha kuliko ya kugundua: nani afundishwe, afundishwe kwa kutumia nini, na mkono wake utakumbuka kwa muda gani.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mpaka katikati ya karne ya 20, mtu aliyezama majini alikuwa anahangaishwa viungo. Kulikuwa na njia ya Silvester, ya mwaka 1858, ya kumlaza chali na kuinua mikono yake juu na kuirudisha kifuani. Kulikuwa na ya Schafer ya mwaka 1903, analazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongo. Mwaka 1932 ikaja ya Holger Nielsen wa Denmark, mgongo unakandamizwa na viwiko vinainuliwa. Maskauti na askari wa nusu ya dunia walikaririshwa hizo. Hewa iliyokuwa inaingia ilikuwa kidogo mno, na mara nyingi haikuingia kabisa, kwa sababu mtu aliyepoteza fahamu ulimi na koo hulegea vikaziba njia. Kumpulizia mtu mdomo kwa mdomo kulijulikana tangu zamani, na wakunga walikuwa wanawafanyia watoto wachanga wasiolia. Lakini madaktari waliliona jambo la kishamba, la wakunga.

Aliyelirudisha mezani ni daktari wa usingizi James Elam. Mwaka 1946, katika mlipuko wa polio huko Minnesota, alimpulizia mtoto aliyekuwa anakata roho, akaona rangi inarudi. Miaka kumi baadaye alikutana na Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Vienna aliyekuwa Baltimore. Safar akafanya majaribio ambayo leo kamati yoyote ya maadili ingeyarudisha bila kusoma ukurasa wa pili. Alichukua watu wazima waliojitolea, akawapa dawa ya kuwatuliza na ya kulegeza misuli mpaka wakashindwa kupumua wenyewe, kisha akaleta watu wa kawaida, wasio madaktari, wawapulizie. Alipima hewa. Njia za kuinua mikono zilishindwa, pumzi ya mdomo ikashinda, tena ilishinda vinywani mwa watu waliofundishwa kwa dakika chache tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1958. Safar alikuwa anapima vitu viwili kwa mkupuo mmoja: kama njia inafanya kazi, na kama mtu asiye daktari anaweza kuijifunza. La pili halikuwa limepimwa kabla yake kwa uzito ule.

Moyo wenyewe ulikuwa bado mali ya wapasuaji. Ukisimama, njia iliyojulikana ni kuchana kifua, kuingiza mkono na kuukamua kwa vidole. Claude Beck wa Cleveland alimwokoa mvulana wa miaka 14 namna hiyo mwaka 1947, akiustua moyo kwa umeme kifua kikiwa wazi. Ni kazi kubwa, lakini ni kazi ya thieta. Anayeanguka sokoni haimhusu.

Baltimore hiyohiyo, katika chuo cha Johns Hopkins, kulikuwa na mhandisi wa umeme anaitwa William Kouwenhoven. Makampuni ya umeme yalikuwa yamegharamia utafiti wake kwa sababu mafundi wao walikuwa wanakufa kwenye nguzo. Alikuwa anatafuta namna ya kuustua moyo bila kupasua kifua. Mwaka 1958 mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, akiwa anafanya jaribio kwa mbwa, aliona kitu cha ajabu: kila alipokandamiza kifuani vile vishikio vizito vya mashine, vinavyofanana na pasi, presha ya damu ilipanda kidogo, hata kabla umeme haujawashwa. Uzito peke yake ulikuwa unasukuma damu. Wakamwita mpasuaji, James Jude. Julai 1960 watatu hao walichapisha taarifa ya wagonjwa 20 waliobonyezwa kifua bila kisu, na 14 walipona. Kouwenhoven alikuwa na miaka 74. Waliandika kwamba kazi hiyo anaweza kuianza mtu yeyote, mahali popote, kwa mikono yake miwili.

Mtu yeyote, sawa. Lakini hapo ndipo tatizo linapoanza. Utamfundishaje? Huwezi kujifunzia kwa jirani yako mzima, kwa sababu kubonyeza kunakofaa kunazamisha kifua sentimita 5 na kuna hatari ya kuvunja mbavu. Maiti huwezi kuwapelekea watoto wa shule. Na kusoma kitabuni, tusidanganyane, mikono haisomi.

Jibu lilitoka Stavanger, mji wa bandari kusini magharibi mwa Norway, kwa mtu aliyekuwa anauza vitabu vya watoto na vinyago. Asmund Laerdal alianza na kadi na vitabu, akaenda kwenye vinyago vya mbao, na baada ya vita akaipenda plastiki laini, ambayo wakati huo ilikuwa kitu kipya. Alitengeneza vigari vidogo na mdoli wa kike anaitwa Anne aliyependwa sana na watoto wa Norway. Kwa sababu aliijua plastiki, aliombwa pia atengeneze majeraha ya bandia ya kufundishia huduma ya kwanza. Na katika miaka ya 1950 mwanawe Tore, mtoto wa miaka miwili hivi, alizama majini. Baba alimtoa akiwa amelegea, akamsafisha njia ya hewa, mtoto akapona. Sina haja ya kueleza jambo kama hilo linamfanya mzazi aweje.

Mwaka 1958 Safar alizungumza mbele ya madaktari wa usingizi wa nchi za Skandinavia waliokutana Norway. Kati ya waliomsikiliza alikuwemo Bjørn Lind wa hospitali ya Stavanger. Aliporudi nyumbani alimfuata Laerdal: tunahitaji mtu wa plastiki, wa kimo cha mtu, anayepulizwa. Mwaka 1960 Resusci Anne akatoka kiwandani. Ukimpuliza bila kuinamisha kichwa chake nyuma, hewa haiendi. Ukimwinamisha vizuri, kifua kinapanda. Yaani mdoli mwenyewe ndiye anayekusahihisha, na mwalimu anaweza kunyamaza. Laerdal alipoonana na Safar, Safar akamshauri aweke springi kifuani ili mikono nayo ijifunze. Ndiyo ile kli kli niliyoisikia mimi, miaka zaidi ya hamsini baadaye.

Uso wa mdoli huyo una kisa chake, na kwa kuwa wasomaji wa hapa ni watu wa vitabu sitaki kukipita. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 msichana aliopolewa kutoka mto Seine mjini Paris, akawekwa mochwari ili anayemfahamu ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Mfanyakazi mmoja, akiduwazwa na ile tabasamu, akamtolea sura kwa plasta. Wapo wanaokitilia shaka kisa hiki, nami namo: uso wa mtu aliyezama hauwi vile, unavimba. Yawezekana sana ilikuwa sura ya msichana mzima aliyelipwa akae kimya. Hata hivyo nakala ziliuzwa kwa wingi, zikatundikwa kwenye kuta za wasanii na za watu wa kawaida kote Ulaya. Rilke aliitaja katika riwaya yake ya Malte Laurids Brigge mwaka 1910, Camus alikuwa nayo. Laerdal aliiona ukutani nyumbani kwa jamaa zake. Alitaka mdoli awe mwanamke, kwa kuhofia wanaume wangekataa kuweka midomo yao kwenye midomo ya mwanaume mwenzao, na alitaka sura isiyotisha.

Basi uso ambao wafasihi waliutazama kwa miaka mingi kama sura ya kifo kitamu, fundi wa vinyago aliuchukua akamgeuza mtu anayeweza kurudi. Sijui mhakiki gani amewahi kuisoma ile sura vizuri kuliko yeye. (Na wale waliocheza disko miaka ya mwisho ya 80: lile swali ambalo Michael Jackson anamuuliza Annie mara chungu nzima kwenye Smooth Criminal linatoka kwa mdoli huyuhuyu. Ni swali wanafunzi walilofundishwa kumuuliza kabla ya kuanza kumpuliza.)

Lind hakungoja. Aliwapelekea midoli watoto wa shule za msingi za Norway, akapima, na mwaka 1961 akaandika kwamba watoto wanaweza. Mwaka huohuo wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Stavanger kukubaliana namna ya kufundisha. Ukilinganisha na mambo mengine ya udaktari, ambayo huchukua miaka mingi kutoka maabara hadi wodini, hii ilikimbia.

Ndani ya hospitali kulikuwa na ugomvi mwingine, wa kimyakimya. Mwaka 1961 daktari kijana wa Edinburgh, Desmond Julian, alipendekeza wagonjwa wenye mshtuko wa moyo wakusanywe wodi moja, wafungwe mashine inayochora mapigo yao muda wote, na wahudumiwe na watu waliofundishwa kuwafufua. Mwaka 1962 Hughes Day akafungua wodi ya namna hiyo katika jiji la Kansas. Mashine zilikuwepo. Lakini moyo ukianza kutetemeka ovyo badala ya kupiga, una dakika chache tu, na daktari yuko nyumbani analala, au yuko ghorofa ya tano. Anayeuona ule mchoro ukibadilika ni nesi. Na nesi wa wakati ule hakuruhusiwa kuusoma, achilia mbali kugusa umeme.

Huko Philadelphia, Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo wakaamua kufanya kile ambacho wengi walikiona ni kuvuka mpaka. Waliwafundisha manesi kusoma mapigo kwenye skrini, kuyatambua yale ya hatari, na kuustua moyo wenyewe, bila kungoja daktari. Mwongozo wao kwa wauguzi ulitoka mwaka 1965. Wodi hizi zilipoenea, vifo vya hospitalini vya mshtuko wa moyo vilishuka kwa karibu nusu. Watu husema ni kazi ya mashine. Day alikuwa na mashine, Meltzer alikuwa na mashine. Kilichoongezeka ni ruhusa, na mafunzo yaliyoifanya ruhusa hiyo isiwe ya hatari.

Nipite haraka kwenye midoli wakubwa. Mwaka 1968 Michael Gordon wa Chuo Kikuu cha Miami alionyesha mdoli wa kujifunzia moyo, mwenye mishipa inayodunda na kifua kinachotoa sauti za magonjwa mengi ya moyo, aliyempa jina Harvey kwa heshima ya mwalimu wake, Proctor Harvey. Kabla kidogo, huko California, walitengeneza mwingine anayeendeshwa na kompyuta kwa ajili ya madaktari wa usingizi. Gharama zake zilikuwa za kutisha, na alibaki mmoja. Nawaheshimu, lakini kilichonikamata mimi kipo Pittsburgh.

Safar alihamia Pittsburgh mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1966 mambo mawili yalimpata. Binti yake Elizabeth alifariki kwa pumu. Na Novemba, David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa jiji na gavana wa jimbo, alianguka jukwaani kwenye mkutano wa kampeni, moyo umesimama. Alibebwa na polisi. Tuseme kwa Kiswahili chetu: alibebwa kwa karandinga. Ndivyo ilivyokuwa Marekani wakati ule. Gari la wagonjwa lilikuwa ama la polisi ama la kampuni ya mazishi, nyuma kuna machela na hakuna mtu. Lawrence hakupata fahamu tena, akafariki wiki mbili na siku chache baadaye. Kama gavana anabebwa hivyo, mtu wa Hill District, mtaa wa watu weusi masikini ambako polisi walichelewa au hawakuja kabisa, alikuwa anabebwaje?

Hapo Phil Hallen, mkuu wa mfuko mmoja wa afya jijini, akawaunganisha Safar na taasisi ya watu weusi iliyoitwa Freedom House, Nyumba ya Uhuru, iliyokuwa ikiwatafutia wakazi wa Hill kazi. Mwaka 1967 kundi la kwanza lilianza masomo. Wengi walikuwa hawana ajira. Baadhi hawakumaliza sekondari, baadhi walikuwa wametoka vita vya Vietnam. Magazeti ya wakati ule yangewaita watu wasioajirika. Safar aliwapa masaa 300. Anatomia, fiziolojia, mdoli, halafu thieta, wasimame na daktari wa usingizi wajifunze kulinda njia ya hewa ya mtu halisi, halafu ICU, halafu barabarani. Mwaka 1968 wakaanza kazi.

Naomba tukae hapa kidogo. Wakati huo hakukuwa na kitu kinaitwa 'paramediki' kama tunavyokijua. Dhana kwamba mtu asiye daktari anaweza kuingia sebuleni kwako, akakupa dawa, akakuwekea bomba kooni na kuustua moyo wako kabla hujafika hospitali, ilikuwa inajaribiwa sehemu chache tu. Belfast, Frank Pantridge alikuwa ameanza mwaka 1966 kupeleka wodi ya moyo ndani ya gari, lakini ndani yake alipanda daktari. Pittsburgh walipanda vijana wa Hill. Utafiti uliofanyika mwaka 1972 ulikuta kwamba kwa wagonjwa mahututi, Freedom House walitoa huduma iliyo sahihi katika visa 89 kati ya 100. Polisi na wabebaji wengine walikuwa mbali nyuma. Kuna John Moon, aliyekuwa mhudumu wa wodi, akawaona vijana hao wakiingia hospitali na machela yao, wanajiamini, madaktari wanawasikiliza. Akataka kuwa kama wao, na akawa.

Mwaka 1974 alikuja Nancy Caroline, daktari mwanamke kijana kutoka Boston, kuwa mkurugenzi wao wa tiba. Alipanda nao magari, usiku na mchana. Alikuwa mkali, kila safari ilijadiliwa baadaye, nani alifanya nini, kwa nini. Kutokana na kazi hiyo aliandika mtaala ambao serikali ya Marekani iliufanya wa taifa zima, na mwaka 1979 kikatoka kitabu chake cha kiada, Emergency Care in the Streets. Huduma ya dharura mitaani: neno la mwisho la jina hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Mtaa wenyewe ulikuwa Hill.

Na jiji likafanya nini? Meya Pete Flaherty hakupenda kuona huduma isiyo chini yake, na mitaa ya weupe ilianza kuuliza kwa nini wao wanabebwa na karandinga wakati Hill wana wataalamu. Jibu la jiji likawa kuanzisha idara yake. Oktoba 1975 Freedom House ilifungwa. Caroline alisisitiza vijana wake waajiriwe, wakaajiriwa, kisha mitihani na kanuni mpya zikawapukutisha. Walioandikiwa mtaala wa taifa wakaambiwa hawana sifa. Moon alibaki, akapanda mpaka msaidizi wa mkuu wa idara hiyo, lakini wenzake wengi hawakubaki. Nikisoma habari hii huwa najiuliza mara ngapi tumefanya hivyo sisi wenyewe, kwa mkunga, kwa mhudumu wa afya wa kijijini. Tunamtumia mpaka kazi inapopata jina zuri na mshahara, halafu tunamuuliza cheti chake kiko wapi.

Caroline baadaye alikwenda Israel kupanga mafunzo ya gari la wagonjwa huko. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaja Nairobi kufanya kazi na AMREF, madaktari wanaoruka. Yule aliyejifunza kufundisha kwenye mitaa ya Hill alikuja kwetu.

Mdoli naye alikuja kwetu. Tore, yule mtoto aliyetolewa majini, alikua, akarithi kampuni ya baba yake, na mwaka 2010 akaanzisha tawi linaloshughulikia nchi kama zetu, hasa uzazi. Mdoli mpya alikuwa kichanga, mwepesi, unamjaza maji ili apate uzito wa mtoto halisi. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kwa asilimia 47. Najua hii si habari ya mshtuko wa moyo wa watu wazima. Lakini moyo wa kichanga asiyepumua nao unafifia na kusimama, na pumzi ndiyo inayouwahi. Na kilichogunduliwa baada ya hapo kinanihusu mimi na mzee wa banda la mpira moja kwa moja.

Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti wa hapo na wenzao wa Stavanger waliangalia jambo ambalo watu wa semina huwa hawaliangalii. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi kwa mdoli. Kisha wakawafuata chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, miezi kadhaa baadaye. Hakuna kilichobadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na nilipoyasoma nilifunga kompyuta nikatoka nje. Koti la buluu, kicheko, muhuri. Yote yalikuwemo.

Hawakuishia hapo. Mdoli aliwekwa palepale wodini, na wakunga wakawa wanampuliza kwa dakika chache, mara kwa mara, kazini, badala ya kwenda ukumbini mara moja kwa mwaka. Hakuna chai, hakuna posho. Vifo vya siku ya kwanza vikapungua. Mwaka 2015, mwaka ambao Haydom walichapisha hayo, chama cha moyo cha Marekani pamoja na kampuni ya Laerdal walianza kusambaza mpango wa namna hiyo kwa hospitali kubwa za huko: toroli lenye mdoli linakaa wodini, nesi au daktari anabonyeza kwa dakika chache kila miezi mitatu, kompyuta inamwambia umebonyeza kina kifupi, umekwenda haraka mno. Ilikuwa imeshajulikana kwamba ujuzi huu huanza kupotea ndani ya miezi, wakati kadi zao zilikuwa zinadumu miaka 2. Cheti changu mimi hakina tarehe ya mwisho kabisa.

Sasa najua. Kiganja kinakaa katikati ya kifua, juu ya mfupa, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka. Sentimita 5, isizidi 6. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, na unaacha kifua kirudi chote kabla hujabonyeza tena. Najua kwa kichwa.

Mwezi uliopita nilikwenda stoo ya pale kazini kumuulizia. Alikuwepo, nyuma ya viti vibovu, koti limepauka, tabasamu ileile ya Paris ina vumbi. Nikapiga magoti nikabonyeza. Kifua kilishuka, hakikurudi, springi imekufa. Nimeomba nipewe nimpeleke kwa fundi. Mtunza stoo ameniambia niandike barua.